GARI LISILOVUTA LIPIMWE KABLA YA KUNUNULIWA SPEA

Neno "halivuti" ni neno fupi, lakini katika gereji za Musoma, Bunda na Butiama ni neno lenye gharama kubwa. Dereva hufika na gari lake la dizeli lenye umri wa miaka ishirini au thelathini, hushuka, hulitamka neno hilo, na mara nyingi kabla hata boneti halijafunguliwa hukumu huwa imekwisha kupitishwa: tabo imekufa, itafutwe nyingine. Fedha hutafutwa, tabo hununuliwa, hufungwa, na gari hurudi barabarani. Likifika kwenye mwinuko wa kwanza, halivuti vilevile.

Hapo ndipo duru ya pili ya gharama inapoanza. Lawama sasa huiangukia pampu ya dizeli. Ikisha pampu huja zamu ya nozeli. Na zikisha nozeli huja shauri la kushusha injini nzima. Mwishowe hugundulika, aghalabu kwa bahati tu, kwamba mpira mmoja wa hewa ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki mpaka mtu alale chali chini ya gari. Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Katika jambo hili mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa ukuta hujengwa kwa gharama kubwa na ufa hubaki palepale.

Yuko atakayesema kwamba hilo ni shauri la mafundi na wenye magari, wala si jambo la kujadiliwa hadharani. La hasha. Mwalimu aliyenunua gari lililokwisha kutumika huko Japani, tena kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, hana fedha za kununulia tabo ambayo haikuhitajiwa. Ofisi ya umma ambayo fungu lake la matengenezo limekwisha katika robo ya kwanza ya mwaka, kwa sababu ya spea zilizofungwa kwa kubahatisha, italaza magari yake robo tatu zilizobaki. Na gari la wagonjwa linalotoka kijijini kuelekea Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere mjini Musoma likishindwa kupanda kilima, anayelipa gharama si mhasibu. Ni mama mjamzito aliyelazwa nyuma.

Kwa hiyo hapana budi jambo hili litazamwe kama linavyotazamwe jambo lolote la matumizi ya mali: kwanza ijulikane sababu, ndipo fedha itoke. Na kwa bahati njema, sababu za gari la tabo kupoteza nguvu si siri ya wachache. Mtu yeyote aliyesoma fizikia ya sekondari anaweza kuzielewa, na fundi yeyote mwenye subira anaweza kuzitafuta kwa mpangilio.

Kazi ya tabo

Injini ya dizeli huishi kwa vitu viwili, yaani hewa na mafuta. Mafuta hayawezi kuungua yote kama hewa haitoshi. Injini ya kawaida huvuta hewa yake yenyewe kwa mwendo wa pistoni, kama mtu avutavyo pumzi. Injini yenye tabo husukumiwa hewa. Moshi wa moto unaotoka kwenye mitungi huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa ekseli fupi na gurudumu la pili, ambalo huivuta hewa kutoka kwenye chujio, huikandamiza, na kuisukuma ndani ya injini. Nguvu ambayo ingepotea kwenye ekzosi hurudishwa kufanya kazi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ndiye aliyelisajili wazo hilo mwaka 1905, na baada ya miongo mingi katika meli na mitambo mikubwa, mwaka 1978 Mercedes-Benz ilitoa gari dogo la dizeli lenye tabo, la aina ya 300 SD. Tangu hapo njia ikafunguka.

Faida yake huonekana kwa hesabu rahisi. Land Rover ya dizeli isiyo na tabo, yenye injini ya sentimita za ujazo 2,495, ilikuwa na nguvu za farasi zinazokaribia 68. Injini ya 300Tdi iliyokuja mwaka 1994, yenye ujazo uleule wa 2,495, lakini ikiwa na tabo na kipoozi cha hewa, ilitoa nguvu za farasi 111 katika Land Rover Defender. Si tabo peke yake iliyoleta tofauti hiyo, maana hata namna ya kuunguza mafuta ilibadilishwa. Lakini hewa iliyosukumwa ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya kazi. Ni dhahiri basi kwamba hewa hiyo ikivuja njiani, dereva anabaki na injini ndogo iliyobebeshwa gari kubwa.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba tabo si kifaa kinachosimama peke yake. Ni kiungo kimoja katika mnyororo mrefu. Mbele yake liko chujio la hewa. Nyuma yake iko mipira, kipoozi cha hewa na njia za kuingilia kwenye injini. Upande mmoja iko njia ya moshi, na upande mwingine iko njia ya oili. Katika injini kama 300Tdi, uko pia mpira mwembamba unaotoka kwenye tabo kwenda kwenye pampu ya dizeli. Kazi ya mpira huo ni kuijulisha pampu kwamba hewa imeongezeka ili nayo iongeze mafuta. Katika magari yenye pampu ya umeme, kama Toyota Land Cruiser Prado ya injini ya 1KZ-TE, kazi ya kujulisha hufanywa na kihisio cha kanieneo na waya. Kukatika kwa kiungo chochote katika mnyororo huo humletea dereva dalili ileile moja: gari halivuti. Kumlaumu mtu mmoja kwa kosa la ukoo mzima si haki, na kuilaumu tabo kwa kosa la mpira si ufundi.

Mwinuko wa nchi nao ni hoja

Wako madereva wanaolileta gari Musoma kutoka Dar es Salaam na kushangaa kwamba limelegea. Hao nao wanastahili maelezo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nchi hupanda zaidi kadiri mtu anavyoondoka ufukweni kuelekea Butiama. Katika mwinuko huo kanieneo ya hewa hupungua kwa takriban asilimia 12 ikilinganishwa na ile ya pwani. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na hakuna spea itakayoirudisha. Huo si ubovu, ni jiografia.

Gari lenye tabo, kinyume chake, lisingepaswa kuuhisi sana mwinuko huo, kwa kuwa tabo hufidia upungufu wa hewa. Kwa hiyo dereva wa gari la tabo anayeona kwamba gari lake limekuwa dhaifu mara tu baada ya kufika kanda ya ziwa anayo sababu ya kutia shaka. Ufa mdogo uliovumilika pwani, ambako hewa ni nzito, hudhihirika huku juu. Tofauti hii peke yake inatosha kumwonyesha fundi kwamba swali la kwanza la kumwuliza mwenye gari si "una shilingi ngapi?" bali ni "gari hili lina injini gani, na tatizo lilianza lini na wapi?"

Utaratibu wa kupima

Daktari mwema hamchomi mgonjwa sindano kabla ya kumwuliza. Vivyo hivyo katika ufundi, kupima huanza kwa masikio. Nguvu ilipotea ghafla au kidogo kidogo? Kupotea ghafla, pengine kwa mlio kama wa kitu kilichochomoka, huelekeza kwenye mpira uliotoka au kupasuka. Kupotea kidogo kidogo kwa miezi huelekeza kwenye kitu kinachoziba, kama vile chujio la hewa, chujio la dizeli au njia ya moshi. Je, tatizo lilianza baada ya kujaza mafuta mahali fulani? Lilianza baada ya gari kutoka gereji? Majibu ya maswali hayo hayagharimu chochote, nayo huweza kuokoa mshahara wa mwezi.

Hatua ya pili ni kuhakikisha kwamba kosa ni la injini kweli. Breki inayoshika wakati mguu umeondolewa hulifanya gari liwe zito kama lililofungwa mti. Baada ya mwendo mfupi, gurudumu moja litakuwa la moto kuliko mengine. Klachi iliyolika huifanya injini ingurume na kuongeza mizunguko huku gari likibaki katika mwendo uleule. Na wako madereva waliolia kwamba gari halivuti, kumbe zulia la miguuni limejikunja chini ya pedeli ya mafuta, au waya wa pedeli hiyo umelegea na haufiki mwisho. Fundi anayeanza na mambo haya huonekana kama anayepoteza wakati. Kwa kweli yeye ndiye anayeuokoa.

Hatua ya tatu ni hewa. Chujio la hewa litolewe na kutazamwa kwenye mwanga. Katika mkoa ambao barabara nyingi za vijijini ni za udongo, vumbi la kiangazi huweza kulijaza chujio muda mrefu kabla ya kilomita zilizoandikwa kitabuni. Ikisha chujio, mipira yote kuanzia kwenye tabo hadi kwenye kipoozi, na kutoka kwenye kipoozi hadi kwenye injini, ishikwe kwa mkono, ikunjwe, na vibano vyake vikazwe. Ufa wa mpira uliozeeka mara nyingi hujifumba gari likiwa limesimama na kufumbuka mpira unapojaa hewa. Kwa sababu hiyo kutazama peke yake hakutoshi. Njia ya hewa huzibwa mwanzoni, hutiwa upepo kidogo usiozidi ule ambao tabo yenyewe huutoa, kisha mipira hupakwa maji ya sabuni. Mahali povu litakapochemka ndipo penye ufa. Ni elimu ileile ya fundi wa pancha na beseni lake la maji, wala haihitaji mtambo kutoka ng'ambo.

Hatua ya nne ni mafuta. Chujio la dizeli lililoziba huiruhusu injini kwenda vizuri mjini, ambako mafuta yanayohitajiwa ni machache, na kuinyima mlimani. Maji yaliyojikusanya chini ya chujio yamwagwe. Mipira ya dizeli itazamwe kama inavuta hewa, na mfuniko wa tangi uangaliwe kama tundu lake la kupitishia hewa halikuziba. Dizeli yenyewe ni hoja pia. Uchanganyaji wa mafuta ya taa katika dizeli ulikuwa tatizo kubwa nchini kiasi kwamba mwaka 2010 ulianza utaratibu wa kutia vinasaba katika mafuta ili wachakachuaji wagunduliwe, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya uovu huo iondoke. Dereva mwenye busara hujaza mahali panapofahamika, na huitunza risiti.

Hatua ya tano ni ile mipira myembamba ambayo hakuna anayeijali. Mpira unaoijulisha pampu juu ya ongezeko la hewa ukipasuka, tabo itasukuma hewa yake yote na pampu haitajua. Injini itapewa mafuta kana kwamba haina tabo kabisa. Kipande cha mpira kisichozidi urefu wa mkono, kinachouzwa kwa bei ya chakula cha mchana, humfanya mtu aamini kwamba injini yake imekufa. Kadhalika iko mipira ya upepo inayoendesha valvu ya kurudisha moshi kwenye injini. Valvu hiyo ikikwama wazi kwa masizi, injini huvuta moshi wake yenyewe badala ya hewa safi.

Hatua ya sita ni njia ya kutokea moshi. Ekzosi iliyobonyea kwa kugonga jiwe, au iliyoziba ndani, huibana injini kooni na kuifanya tabo izunguke kwa uvivu. Baada ya hayo yote ndipo geji ya kupimia hewa ya tabo inapofungwa, gari likapakiwa mzigo na kupandishwa kilima kwa gia ya tatu. Geji haina upendeleo. Ikionyesha kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, tabo haina kosa na mjadala wake umekwisha. Ikionyesha pungufu, nayo mipira ni mizima na ekzosi haikuziba, ndipo tabo iitwe kujibu mashtaka, pamoja na kilango chake cha kupitishia moshi wa ziada, ambacho hukwama wazi na kuiacha tabo bila msukumo.

Moshi ni ushahidi

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya ugonjwa wa dizeli ni moshi. Moshi mweusi mzito maana yake ni kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa: hapo fundi atafute chujio lililoziba, mpira unaovuja, valvu ya kurudisha moshi iliyokwama, au nozeli zinazomwaga badala ya kunyunyiza. Gari lisilovuta na lisilotoa moshi mweusi hata kidogo linasema kinyume chake, yaani mafuta hayafiki, na fundi aende kwenye chujio la dizeli na ule mpira mwembamba wa pampu. Moshi wa rangi ya samawati ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha baada ya injini kupata moto ni dizeli isiyoungua, au maji ya rejeta yanayoingia ndani.

Dereva ndiye shahidi wa kwanza wa moshi huo, kwa kuwa huuona kwenye kioo kila siku. Asipousema, au akiuficha kwa kuhofia kulaumiwa, gari litaendelea mpaka lizimike porini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Katika ofisi za umma hili lina uzito wa pekee. Dereva anayeogopa kukatwa mshahara kwa kuripoti kasoro ataripoti ajali. Mkuu wa kazi anayewataka madereva wake waseme kweli hana budi kuwasikiliza bila kuwatisha.

Tabo hufa kwa sababu

Haina maana kwamba tabo haiharibiki. Huharibika, na tena kwa urahisi ikipuuzwa. Ekseli yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichafuka, ikipungua au ikichelewa kufika, utando huo hutoweka na chuma husugua chuma. Kokoto au kipande cha chujio kilichoingia ndani hukata mapanga. Injini ikizimwa ghafla mara baada ya kupanda mlima mrefu, oili iliyobaki ndani ya tabo huungua na kuwa mkaa, na mkaa huo huziba njia. Kwa sababu hiyo dereva aliyefundishwa huiacha injini ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima.

Kuipima tabo yenyewe si kazi ngumu. Injini ikiwa imepoa, mpira wa hewa huondolewa na gurudumu huzungushwa kwa kidole. Lizunguke bila kukwaruza. Kuchezacheza kidogo kwa upande kunaruhusiwa, kwani ndivyo beringi zake zilivyotengenezwa. Bali kwenda mbele na nyuma kwa kiasi kinachohisiwa mkononi, au mapanga kugusa ukuta, ni dalili ya kifo. Oili kidogo iliyotanda ndani ya mpira ni kawaida ya injini iliyozeeka. Oili iliyojaa na kutuama si kawaida.

Na hata tabo ikithibitika kuwa imekufa, swali la muhimu bado halijajibiwa: imekufa kwa sababu gani? Mtu anayefunga tabo mpya juu ya bomba la oili lililoziba anaiandalia mazishi ile mpya. Aidha, tabo inayovujisha oili kwa wingi ni hatari kwa maisha. Injini ya dizeli huweza kuinywa oili hiyo kama mafuta, ikapaa mizunguko bila kikomo, na ufunguo usiweze kuizima. Katika hali hiyo kinachoweza kuizima ni kuziba njia ya hewa, au kwa gari la gia za mkono, kuweka gia kubwa, kukanyaga breki kwa nguvu na kuachia klachi. Dereva asiyeyajua haya atakimbia, na injini itajivunja yenyewe.

Lawama zigawanywe

Itakuwa si haki kuyamalizia mambo yote kwenye mabega ya mafundi. Wengi wao wamejifunza kazi kwa kuangalia, chini ya mti, bila kitabu wala geji. Na zaidi ya hayo, wateja wenyewe wamewafundisha vibaya. Mteja hulipa kwa moyo mweupe anapoona kitu kipya kinachong'aa kimefungwa katika gari lake. Lakini fundi aliyetumia saa mbili kupima, kisha akakaza kibano kimoja na gari likavuta, huambiwa kwamba hakufanya kazi yoyote. Fundi mwenye watoto wa kulisha hujifunza haraka kwamba akili hailipwi, spea ndiyo inayolipwa. Basi huuza spea.

Dawa ya ugonjwa huo iko mikononi mwa wenye magari, na kwanza kabisa watumishi na walimu, ambao ndio wasomi wa miji hii. Upimaji ulipwe kama kazi kamili, uwe umeleta spea au haukuleta. Fundi atakiwe kusema, kabla ya kununua chochote, amepima nini, ameona nini, na kwa nini anaamini kwamba kifaa fulani ndicho chenye kosa. Spea ya zamani irudishwe kwa mwenye gari. Katika ofisi za umma, maelezo hayo yaandikwe katika jalada la gari, ili afisa ajaye ajue kwamba pampu ilikwisha kubadilishwa mwaka uliopita na haikusaidia kitu. Hakuna fedha mpya inayohitajiwa kwa hayo yote. Kinachohitajiwa ni kalamu.

Shule nazo zina nafasi yake. Mnamo Novemba 1974, katika mji huuhuu wa Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha azimio juu ya elimu ambalo, pamoja na kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote, lilisisitiza kwamba masomo na kazi visitenganishwe. Mambo mengi yamebadilika tangu mwaka huo, na utaratibu wa wanafunzi kufanya kazi kabla ya kuingia chuo kikuu haupo tena. Lakini shabaha ya kuunganisha akili na mikono haijachakaa. Musoma inayo shule ya sekondari ya ufundi, na nchi inavyo vyuo vya VETA. Kanieneo ya hewa inayofundishwa ubaoni kwa chaki ndiyo ileile inayopimwa kwa geji kwenye mpira wa tabo. Mwalimu wa fizikia anayewatoa vijana wake nje kwa saa moja, akafungua boneti la gari lake mwenyewe na kuwaonyesha njia ya hewa kutoka mwanzo hadi mwisho, atakuwa amewapa somo ambalo hawatalisahau siku ya mtihani wala baada ya mtihani.

Tena kupima kabla ya kubadilisha si kanuni ya magari peke yake. Ziko ofisi ambazo kazi ikilegea, kitu cha kwanza kinachofanywa ni kumhamisha mkuu wa idara na kuleta mwingine. Mpya anafika na kazi inabaki imelegea vilevile, kwa sababu ufa ulikuwa katika njia ya taarifa, mahali ambapo hakuna aliyelala chali kupatazama. Mtu aliyezoea kuuliza "nguvu inapotelea wapi?" juu ya gari lake, atazoea kuuliza hivyo hata mezani pake.

Magari yaliyozeeka yataendelea kuwapo katika barabara za Mara kwa miaka mingi ijayo, kwa kuwa ndiyo ambayo watu wanaweza kuyamudu, na mengi kati yake yana injini imara kuliko sifa wanazopewa. Yanachohitaji ni mtu wa kuyasikiliza. Siku gari litakapofika gereji na dereva akatamka lile neno fupi, fundi na asimame kwanza, aulize, atazame moshi, akaze vibano na kupaka sabuni. Inawezekana kabisa kwamba tiba itakuwa kipande cha mpira, na fedha ya tabo itabaki kulipia ada ya mtoto.